Kupamba ukuta kwa vitu vya pwani na shamba: maswali tunayoulizwa Amu

Kazi yangu ni kupamba kuta za watu hapa Lamu, au Amu kama tuiitavyo wenyewe. Nilianza na msana, ile sebule ndefu, wa nyumbani kwetu Mkomani, jirani akaona, akanita kwake, na mambo yakaendelea hivyo. Watu huniuliza njiani, huniuliza arusini, na siku hizi hunipigia simu usiku nyundo ikiwa tayari mkononi. Basi nimeyaandika majibu mahali pamoja. Wa Malindi nao wamo, ingawa kuta zao nyingi ni za tofali na saruji na si kila shida yetu ni yao.

Nina gunia zima la vitu nilivyookota pwani. Nianzie wapi?

Liache gunia, anza na ukuta. Ugonge kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Ukilia kama ngoma, plasta imeachana na jiwe, usitundike kitu hapo. Kisha chukua kipande cha nailoni safi, kama sentimita 30 kwa 30, kibandike kwa utepe pande zote nne na ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha.

Kuta zetu za kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hukaribia nusu mita. Hufyonza maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ndiyo maana mita ya kwanza kutoka sakafuni hutoa chumvi nyeupe kama unga. Sehemu hiyo mimi siitundiki chochote, hata mwenye nyumba akinisihi.

Si bora niupake rangi ya plastiki kwanza, upate usafi?

Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, wakati sijui. Mikono miwili ya rangi nyeupe inayong'aa, wiki chache kabla ya masika. Mvua ilipokwisha, ukuta ulikuwa na malengelenge kama mkono uliomwagikiwa na uji wa moto. Ukilibonyeza moja, linatoa maji. Fundi mmoja mzee alikuja, akautazama, akasema, "Mwanangu, umeuvika koti la mvua na jasho limo ndani." Tulikwangua siku nne, tukarudi kwenye chokaa ya maji, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine.

Na hilo la kusafisha madoa kwa siki au ndimu: kwa ukuta wa chokaa, hapana. Ukali wa ndimu huila chokaa. Tumia brashi kavu, na kitambaa chenye maji kidogo pale brashi iliposhindwa.

Nyumba ya bibi ina zidaka. Nizijaze nini?

Hapa lazima nikae kidogo, maana hakuna pambo la ukutani Amu linalozishinda zidaka. Vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Ukuta wa mwisho, kule ndani, ukachongwa vijishubaka safu kwa safu, na hizo ndizo zidaka. Jicho linaingia, linapotea, na chumba kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Humo waliweka sahani na mabakuli ya Kichina, vitabu, chetezo. Ukienda Mambrui, kaskazini ya Malindi, utaona kaburi la mnara ambalo mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo yenyewe. Kwa hiyo wazee wetu walipenda kuonyesha ukutani kilicholetwa na bahari, ila chao kilikuja na jahazi, hakikuokotwa mchangani.

Nionavyo, jaza kidaka kimoja kati ya vitatu. Vingine viache na kivuli chake, kwa sababu kivuli ndicho kinachochora lile umbo la chokaa. Katika utakavyovijaza, kimoja kipe kifuu kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Kingine kombe moja, moja tu. Cha katikati, kisahani chenye asumini, kilua na majani ya rehani, vya kubadilishwa kila jioni. Hicho kitapamba na kunukia, na asubuhi maua yaliyonyauka yanatupwa bila hasara.

Usigundishe kitu ndani ya kidaka, wala usitoboe. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na plasta ile ya kuchonga mafundi wake ni wachache. Ikiwa imeanza kumeguka, waone watu wa makavazi kabla ya kumwita fundi wa saruji.

Makombe gani naweza kutumia bila kuingia matatani?

Ya jikoni. Sisemi mzaha. Chaza uliyemla Ijumaa ana kombe ambalo ndani lina rangi ya mwezi, na kome nao ni weusi wenye samawati. Yachemshe, yasugue kwa brashi ya meno na sabuni, yaanike kivulini, halafu yapake tone moja la mafuta ya nazi kwa kitambaa. Dawa ya kung'arisha nguo usiitie, inakula ule mng'aro.

Ya pwani, kwanza jua uko wapi. Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi na ile ya Watamu, zote za tangu 1968, huruhusiwi kuondoka na kombe hata likiwa tupu. Kwetu kaskazini, Kiunga ni hifadhi tangu 1979, nako usiokote. Gamba la kasa ni marufuku popote ulipo, liwe la kasa wa kawaida au la ng'amba, liwe limekutwa ufukweni au limerithiwa kwa babu. Na yale makombe makubwa ya kung'aa yanayouzwa kwa wageni, karibu yote yalitolewa baharini yakiwa na mwenyewe ndani. Kombe la mnyama aliyekufa zamani huwa limepauka na kumeguka ncha. Likiwa zuri mno, uliza lilipatikanaje.

Hata tupu si tupu daima. Mara moja niliweka makombe kumi na moja juu ya meza, tayari kwa kazi ya kesho. Usiku nikasikia kitu kinakwaruza. Nikawasha taa: kombe moja lilikuwa limefika ukingoni mwa meza, linatembea. Alikuwa yule kaa mdogo asiye na gamba lake, anayehamia nyumba za waliokufa. Nilimrudisha pwani saa saba za usiku nikiwa nimejitanda buibui juu ya nguo za kulalia, na mlinzi wa jeti mpaka leo ananicheka. Tangu siku hiyo kila kombe nalilaza usiku mmoja juu ya mchanga, ndani ya ndoo, kivulini. Mwenyewe akiwemo atajitokeza.

Na matumbawe? Na kiti cha pweza?

Hapana kwa vyote viwili. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, mara nyingi kilikaushwa kikiwa hai, na harufu yake haiishi. Tumbawe ni mnyama, na anakua polepole sana. Ukitaka umbo lake, ukuta wako wenyewe ni matumbawe. Kwangua chokaa iliyolegea mahali padogo penye jiwe zuri, uache dirisha dogo la jiwe tupu, ulizungushie ukingo laini wa chokaa. Kwa nyumba ya kawaida tu lakini, si ile yenye plasta ya kale.

Nimepata gogo zuri lililotupwa na bahari. Nilitundike vipi?

Polepole. Gogo la baharini limejaa chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Ukilitundika hivyo hivyo litatoa jasho kila kaskazi inapotulia na kuacha doa la rangi ya chai ukutani. Lilaze katika pipa la maji ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi, ubadilishe maji kila siku mbili, kwa muda wa wiki mbili. Lionje kwa ncha ya ulimi. Ndiyo, kwa ulimi, sina kipimo kingine. Likiacha kuwa na chumvi, lianike, ukiligeuza, mpaka lilie kama mti mkavu ukiligonga. Gogo la unene wa mkono huchukua mwezi.

Kisha lilaze juu ya gazeti ndani ya nyumba wiki mbili nyingine. Ukikuta vijilima vya unga laini kwenye gazeti, mna wadudu. Lifunge ndani ya nailoni nyeusi, liweke juu ya dari jua la saa sita kwa siku kadhaa, uanze tena na gazeti. Mafuta ya dizeli usipake. Yanaua wadudu, sawa, lakini mtalala na gereji chumbani.

Kuhusu kutoboa: jiwe la tumbawe ni laini, kwa hiyo drili isiwe katika hali ya kugonga, izunguke tu, polepole. Tafuta jiwe, usitoboe kwenye kiungo cha udongo na chokaa. Ingiza kigingi cha mti mkavu kama sentimita 6, kisha skrubu ya shaba ndani ya kigingi. Msumari wa kawaida huku kwetu hushika kutu kabla ya mwaka na kutoa machozi ya rangi ya kahawia yasiyotoka.

Je, ubao wa jahazi la zamani?

Mzuri mno, na una hadithi zake. Lakini mambo mawili. Jahazi linalooza ufukweni Matondoni lina mwenyewe, hata kama miti imeota ndani yake. Uliza. La pili, mbao hizo zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka na miaka, na mafuta hayo hayasahau. Siku za joto wageni wako watauliza unapika nini. Mie nawaambia watu wauanike miezi mitatu, na wachague taruma, ule mti wa ndani unaoshikilia mbao, badala ya ubao wa ubavuni, maana lina mpindo wake wa asili na halihitaji kuongezwa kitu.

Nataka kutundika mkeka wa ukili. Utadumu?

Utadumu ukiuachia hewa nyuma. Hili nililijifunza kwa mkeka wa mama. Ulikuwa wa ukindu, wenye mistari ya zambarau na kijani, umeshonwa ukili kwa ukili hata mshono huuoni. Niliubana ukutani kwa misumari minane, umekaa sawa kama karatasi. Masika ikapita. Nilipouondoa ili nifagie, nyuma ulikuwa mweusi wote, na kuvu lilikuwa limeufuata kila ukili kama mtu aliyekuwa akisoma mstari kwa mstari. Mama hakusema kitu. Aliukunja, akautia kwenye kapu, akaniambia niteleke chai.

Kwa hiyo: fito moja juu, fito moja chini, mkeka umeshonewa kwa uzi wa mkono, na nyuma ya kila fito vipande viwili vya mti vya unene wa sentimita 2 au 3 ili usiguse ukuta. Fito nunua kwa wauzaji wa mikoko. Ndiyo nyembamba kuliko zote katika mpangilio wao: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Usiende kukata mwenyewe msituni, ukataji una leseni yake. Mkeka usitazamane na jua la mchana, rangi itafifia katika msimu mmoja.

Kama mkeka ni mkubwa kwako, tundika kawa tatu, vile vifuniko vya chakula vya kusuka, za ukubwa tofauti, au uteo mmoja mkuukuu ambao umeshapepeta mchele wa miaka kumi. Rangi aliyoipata jikoni uteo ule huwezi kuinunua.

Majani ya kubana kwenye fremu huota ukungu. Nakosea wapi?

Pengine ni msimu. Kubana majani wakati wa masika ni kulima kuvu. Fanya kazi hiyo kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi. Chukua majani ya mti wa mkungu yaliyogeuka mekundu, yaokote asubuhi umande ukishakauka, yalaze ndani ya gazeti chini ya mawe mazito. Gazeti libadilishwe kila siku kwa siku tatu za mwanzo, hapo ndipo maji mengi hutoka. Kisha yaache wiki tatu. Ndani ya fremu weka vijiti vyembamba ukingoni ili jani lisigusane na kioo.

Ujaribu na mwani pia, ule uliotupwa juu na maji. Uoshe kidogo kwa maji baridi, uelee katika sinia ya maji, ingiza karatasi nene chini yake, upange matawi kwa ncha ya sindano, halafu uinue karatasi pole, ukiielekeza upande mmoja maji yatiririke. Funika kwa kitambaa cha pamba, gazeti juu, ubao, jiwe. Mwani una ute wake, hushika karatasi wenyewe bila gundi. Ule mwekundu mwembamba ukikauka unafanana na mchoro wa wino. Katika vitu vyote nilivyowahi kutundika, huu ndio ninaosifiwa zaidi, na haukunigharimu kitu.

Nitundike juu kiasi gani?

Vitabu vya wageni vitakuambia katikati ya pambo iwe mita moja na nusu kutoka sakafuni. Hicho ni kimo cha mtu aliyesimama. Sisi tunakaa. Ukiwa mkekani macho yako yapo kama sentimita 75 au 80 juu ya sakafu, kitini kama 115. Mwite mtu akae pale mnapokaa kweli, uinue gogo ukutani mpaka aseme hapo. Lakini kumbuka ile mita ya kwanza yenye chumvi. Vikigombana, chumvi inashinda.

Mume wangu anataka twiga mkubwa ukutani. Mimi sipendi.

Nyinyi mpatane, mie simo. Nitasema tu kwamba kwetu pambo la ukutani na la milango limekuwa majani, maua na mizunguko tangu zamani, si wanyama, na nyumba nyingi hazitaki sura ya kiumbe pale panaposaliwa. Ikiwa ni sebule, na akasema twiga ni historia, atakuwa na hoja: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina kama zawadi. Mpe twiga mdogo, kwenye ngazi.

Maua ya plastiki je?

Vumbi.

Ukuta wa mimea hai, kama ninaouona kwenye simu?

Ukuta wa saruji wa Malindi, wa nje, upande wa kivuli, sawa. Weka fremu mbali na ukuta angalau kwa upana wa ngumi, na maji yadondokee kwenye mfereji. Ukuta wa chokaa usiunyweshe, unakunywa vya kutosha. Kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya kale, panda asumini kwenye pipa na umpe kamba za usumba apande mwenyewe. Atafika juu kabla hujachoka kumtazama.

Nimepanga Langoni na mwenye nyumba hataki hata msumari mmoja.

Angalia juu. Boriti zako ziko wazi? Zungushia kamba, tundika gogo kwa mishipi miwili ya kuvulia, lining'inie mbele ya ukuta bila kuugusa. Mshipi hauonekani, na mzigo ukiwa mzito uliza nambari ya ule wa kuvulia kole. Kama boriti hakuna, chukua pau mbili, zisimamishe zikiegemea ukuta, ufunge fito za kukingama katikati kama ngazi. Ukihama, unaondoka nayo begani.

Watoto wanataka kushiriki.

Wape ndara. Kila pepo za kusi zikibadilika ufukwe unajaa ndara za mguu mmoja kutoka Mungu ajuapo wapi. Wazioshe, wakate samaki, majani, mawimbi, wagundishe juu ya ubao. Mafundi wa hapa walivika jahazi zima ndara, Flipflopi, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja, basi ubao mmoja wa sebuleni hauwashindi wanao. Mkato uwe kwa mtu mzima, kisu kinateleza kwenye mpira.

Inagharimu kiasi gani?

Vitu vyenyewe, karibu bure. Skrubu za shaba ndizo zitakazokuuma, na punda kama gogo limetoka Shela. Patana bei kabla halijapakiwa. Likishakuwa mgongoni mwa punda, punda ndiye anayepanga.

Kikishatundikwa ndiyo basi?

Kwangu hapana. Mwisho wa Machi, hewa ikianza kuwa nzito na shuka zikiwa hazikauki kwa siku moja, nashusha mikeka na fremu zote, nazifunga kwa leso kuukuu pamoja na karafuu chache, naziweka juu ya kitanda cha chumba cha ndani. Ukuta unabaki mtupu mpaka Agosti, na vigingi vyake. Mwaka jana mjukuu wa jirani alivitundikia kofia za madrasa saba kwa mpigo, na nimeona niziache.